Jiko Lililobomolewa Mwezi wa Sita

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile mafundi walipopanda juu ya jiko la mama mkwe wangu na kuanza kung'oa mabati. Ulikuwa mwezi wa sita. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hadi kwenye mashamba ya chai, na mama alikuwa amesimama uani amejitanda shuka mbili, anatazama. Nimeishi miaka mingi tangu asubuhi ile, nimezaa, nimezika, nimezeeka, na bado nikiikumbuka hasira hunipanda. Kwa hiyo usitarajie nikusimulie kwa upole. Wanaotaka hadithi ya bibi mpole waende kwa jirani.

Nianze mbali kidogo, maana usipojua nilikotoka hutaelewa kwa nini jambo hili liliniuma hivi.

Mimi ni mtu wa Gachoka, kule chini Mbeere, ambako baridi ni kitu cha kusikia kwa watu. Kwetu nyumba ilijengwa kwa ajili ya kuzuia jua, basi. Nikaolewa na Nyaga, kitinda mimba wa boma moja huku juu Embu, karibu kabisa na msitu. Baba yake alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni mama, ambaye kila mtu alimwita Mama Njeru kwa jina la mwanawe wa kwanza. Njeru mwenyewe alikuwa mtu wa ofisi mjini, anaishi mtaa wa Majimbo, anavaa tai hata Jumamosi. Nyaga kwa kuwa ni wa mwisho ndiye aliyebaki nyumbani na mama yake, na mimi nikawa mke wa uani pale, macho ya mama mkwe yananitazama kuanzia chai ya asubuhi.

Mwezi wa tano wa mwaka wangu wa kwanza, mvua ilipoanza kupungua, jua likatoka. Nilifurahi! Nikatoa kigoda nje, nikanyoosha miguu, nikaota jua kama mtu aliyefika kwao. Mama akatoka jikoni na ndoo ya matope, akanisimamia kichwani.

"Unafanya nini?"

"Naota jua, mama."

"Hilo jua si la kuota. Ni la kazi. Likishaenda, mpaka mwezi wa tisa hulioni tena. Inuka."

Niliinuka nimenuna. Nilimwona ana roho mbaya, nikajiambia kumbe ndiyo maana dada zangu walinionya kuhusu watu wa milimani. Lakini wiki ile nilijifunza zaidi ya yote niliyofundishwa shuleni. Tulichanganya udongo na majivu na mavi ya ng'ombe, tukaziba kila mwanya kati ya mabanzi ya mbao ya jiko lake, mpaka pale ambapo kidole tu kingepita. Nyaga alipanda juu ya paa akagonga misumari iliyolegea na kutia lami kwenye matundu, huku mama akimwelekeza kutoka chini, kwa sababu yeye aliyajua matundu yote kwa matone yaliyomwangukia kitandani. Tulichimba mtaro nyuma ya nyumba ili maji ya mlimani yasinywewe na ukuta. Magodoro tuliyatoa juani. Kuni za mti wa mukima tulizipasua na kuzipanga chini ya paa, ndefu huku, fupi kule, na za siku za mvua kubwa tukaziweka kwenye dari juu ya moto ambako hazipati unyevu kamwe.

Nilimuuliza, "Mama, si baridi bado haijafika? Mbona haraka hivi?"

Alicheka. "Huku hatutengenezi nyumba baridi ikifika. Tunatengeneza wakati bado tunatoa jasho. Udongo wa mwezi wa saba haukauki, mtoto wa Mbeere. Unaupaka leo, kesho unauokota chini."

Na Julai ilipofika ndipo nikajua nimeolewa wapi. Rasharasha siku nzima, jua hakuna, nguo haikauki, kidole kinauma ukishika sufuria. Lakini ndani ya jiko la mama kulikuwa na joto. Nataka ulione jiko hilo, kwa maana leo mnayaita majiko kama yale umaskini. Lilikuwa la mabanzi na mabati meusi kwa moshi. Katikati mafiga matatu. Upande wa kulia nyuma ya pazia la gunia, kitanda chake. Alikuwa na nyumba nyingine ya mbao pale uani yenye vyumba viwili, lakini miezi ya baridi alilala jikoni, karibu na moto, na moto wake ulifunikwa majivu jioni ukafufuliwa asubuhi bila kiberiti. Wanawake wa jirani waliingia bila hodi, hasa rafiki yake wa tangu usichana aitwaye Igoki, boma la pili kutoka kwetu. Walichambua maharagwe, waliteta watu, walicheka mpaka wakakohoa. Mimi niliyekuja nimenuna nilikuwa wa mwisho kutoka mle ndani.

Sasa nifike kwenye uchungu.

Mwaka wa tatu Njeru akamjengea mama nyumba ya mawe. Sitaki kumsema vibaya kwa hilo, alimpenda mama yake kwa namna yake. Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa, mawe ya kuchonga, madirisha mapana ya vioo, sakafu ya simiti iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa. Kijiji kizima kilikuja kuitazama. Wanawake walimwambia mama, "Wewe Mungu amekukumbuka," naye akainamisha kichwa akitabasamu kwa haya. Ujenzi ulichelewachelewa kama kawaida ya mafundi, ukamalizika mwezi wa sita, kuta bado zinatoa jasho la simiti mbichi.

Na mwezi huohuo Wanja, binti mkubwa wa Njeru, alikuwa ameposwa. Kina bwana arusi walikuwa watu wa Meru mjini, wenye biashara na magari, na walikuwa wanakuja kwa mahari. Kwa desturi zetu wageni kama hao huletwa kwenye boma la babu wa msichana. Ndipo Njeru alipotazama uani akaona nyumba yake mpya ya mawe na kando yake lile jiko jeusi.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akasimama mlangoni pa jiko bila kuingia ili suti isinuke moshi.

"Mama, hii jiko ni aibu sasa. Wageni wakiona hii moshi watasema tumekutesa. Kesho naleta mafundi waiondoe. Wewe hamia kwa nyumba kubwa, pumzika."

Mama akasema, "Sawa, baba."

Sawa! Neno moja. Mpaka leo namlaumu kidogo kwa hilo neno, Mungu anisamehe. Mwanamke aliyenikemea mimi kwa kuota jua alishindwa kumkemea mwanawe mwenye tai. Alikuwa amejivunia sana mtoto huyu, na nadhani aliogopa akikataa jiko libomolewe ataonekana hana shukrani mbele ya kijiji kilichomwambia amebarikiwa.

Nikajitokeza mimi. "Baba Wanja, samahani. Si tungoje mwezi wa tisa? Baridi ndiyo hii inaingia. Na hiyo nyumba bado ni mbichi."

Alinigeukia akicheka, akaniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. "Mama Wawira, wewe si ni wa Gachoka? Huko kwenu mnajua nini na baridi?"

Watu wakacheka. Nyaga naye akacheka, mume wangu. Nilipomfuata baadaye shambani na kumwambia azungumze na kaka yake, alijibu, "Yeye ndiye mkubwa. Na ni pesa yake." Nilinyamaza, lakini chai ya jioni ile alijitilia mwenyewe.

Basi wakaling'oa. Kufikia saa sita mabati yalikuwa yamerundikwa, mabanzi yameangushwa, na mafiga yamebaki wazi kwenye rasharasha. Zile kuni za darini zililowa mbele ya macho yetu. Wageni walikuja, wakala, wakasifu nyumba, mahari ikakubaliwa, wakaenda zao. Wao hawana kosa lolote. Hata hawakujua kwamba pale walipoegesha magari palikuwa na jiko.

Mama akabaki na ile nyumba.

Mwanangu, hujaona baridi mpaka ulale kwenye nyumba mpya ya mawe mwezi wa saba huku juu. Haina dari, mabati yako juu kabisa, joto lote la mtu linapanda huko na kupotea. Vioo vinatiririka maji kwa ndani. Sakafu ile nyekundu iling'aa vizuri lakini ukiikanyaga inakung'ata nyayo. Nilimpelekea blanketi zangu. Nilimpikia kwenye jiko langu dogo la nje, uji ukafika kwake umeshapoa. Igoki na wenzake walikuja mara moja tu, wakavua viatu mlangoni kwa sababu Njeru aliacha agizo sakafu isichafuliwe, wakakaa kwenye makochi wamekunja mikono kama wako hospitali wanangoja kuitwa. Hawakurudi. Nikaanza kumsikia mama akikohoa kutoka nyumbani kwangu.

Njeru alipoambiwa, alituma jiko la makaa. Aliona amemaliza shida. Mama akaliwasha, na kwa kuwa upepo ulipita chini ya mlango, akaziba kwa magunia jinsi alivyozoea kuziba jiko lake. Lakini jiko lake lilikuwa na mwanya chini ya mabati unaopitisha moshi, na hii ilikuwa nyumba ya vioo na simiti. Asubuhi nilipompelekea chai nikagonga, kimya. Nikasukuma mlango kwa bega. Nilimkuta sakafuni, ametapika, macho yakiwa wazi lakini hanitambui. Nilimburuta mpaka nje kwenye majani yaliyolowa, nikampepea kwa leso yangu huku nikipiga mayowe. Alipozinduka, kitu cha kwanza alichosema ni, "Nisirudishwe humo."

Mchana ule alikusanya shuka zake mbili na kikombe chake, akatembea taratibu hadi kwa Igoki, akaketi kando ya moto wa Igoki, na hakuondoka tena.

Elewa maana yake kwa watu wetu. Mama mwenye wana wazima, mwenye nyumba ya mawe ambayo kijiji kimekuja kuitazama, analala kwenye jiko la mwanamke mwingine na kuota moto wa kuni zisizo zake. Habari ilifika sokoni kabla ya jioni. Njeru alikuja na gari akiwa amekunja uso, akasimama mlangoni kwa Igoki, safari hii akaingia kwenye moshi na suti yake.

"Mama, twende nyumbani. Watu wanatucheka."

"Wanakucheka wewe," mama akasema. "Mimi wananipa kuni."

"Lakini nilikujengea nyumba!"

"Ile uliwajengea wageni wako, Njeru. Walikuja, wakaiona. Kazi yake imeisha." Akakohoa sana, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nirudishie jiko langu, nitarudi."

Ndipo Nyaga akaamka. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kungoja mwingine aanze. Alikusanya mabanzi yaliyolowa, akayasimamisha upya mahali palepale. Alirudisha mabati, na yalikuwa yametoboka kwa kung'olewa vibaya. Njeru alivua tai akaja kumsaidia, nakubali, alikanda matope kwa miguu yake mwenyewe wikendi nzima. Tukapaka kuta zote. Nikaomba Mungu.

Lakini ilikuwa Julai. Matope yalikaa ukutani yakitoa maji. Tulipowasha moto ndani ili yakauke, kuni zilitoa moshi tu na machozi. Ukungu mweupe ukaota ukutani, kisha vipande vikaanza kudondoka, tunapaka tena, vinadondoka tena. Kila baada ya siku kadhaa mama alikuja polepole na fimbo yake kutoka kwa Igoki, akakanyaga matope yetu, akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kidole kinazama.

"Bado," anasema.

"Bado, mama," Nyaga anajibu, hawezi kumtazama.

Kisha anageuka anarudi kwa watu. Njeru aliwahi kumfuata njiani akimlilia arudi tu kwenye nyumba ya mbao, ile ya zamani, lakini nayo paa lake lilikuwa halijagongwa mwaka ule kwa sababu sote tulikuwa tumeshughulika na nyumba ya mawe. Ilikuwa inavuja hadi kitandani. Na kwetu mimi na Nyaga asingelala, maana kwa desturi mama halali nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Boma lina nyumba tatu na hakuna hata moja ambamo mama angeweza kulala.

Alifariki mwezi wa nane, kifua kikiwa kimemziba, mkono wake umeshikwa na Igoki. Si mwana wala mkwe. Nilikuwa nimetoka kidogo kumchotea maji.

Msiba ukafanyiwa kwenye nyumba ya mawe, kwa sababu ndiyo iliyotosha watu. Makochi yakatolewa, jeneza likawekwa katikati ya sakafu ile nyekundu, na waombolezaji wakaingia wakiwa wamevua viatu. Mwanamke mmoja kutoka mjini, mfanyakazi mwenzake Njeru, alipapasa ukuta, akatikisa kichwa na kumwambia mwenziwe, "Huyu mama alitunzwa, jamani. Ona nyumba." Nilifungua kinywa. Igoki alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia kwa Kiembu niache, mama hapendi kelele. Nikameza. Nimekuwa nikimeza tangu siku hiyo, ndiyo maana leo nimekutapikia wewe.

Mwezi wa tisa jua lilitoka, na ndani ya wiki moja kuta za jiko zilikauka zikawa ngumu kama chungu. Nyaga aliingia mle akakaa peke yake mpaka jioni. Sikumfuata. Kuna maumivu ambayo mtu anastahili, na mimi nilimwacha ayapate.

Sasa sikia, mwanangu, wewe unayeishi mjini na unayetuma fundi kwa simu. Siku hizi nawaona mnakuja na vigae na jiko la gesi na picha za nyumba mlizoziona kwenye simu. Leteni, si vibaya. Moshi ule ulituumiza macho na vifua, sitakudanganya kwamba ulikuwa manukato. Lakini kabla hujabomoa cha mzee, muulize analala wapi, anaota moto wapi, rafiki zake hukaa wapi, na akikujibu "sawa" upesi, muulize tena mkiwa wawili tu, bila majirani kusikiliza. Usimwondolee kitu kabla kile kipya hakijakauka na kupata joto. Nyumba ya wazazi itengeneze mwezi wa tano, jua likiwa bado lipo. Panda juu ya paa wewe mwenyewe, ugonge misumari, utoe majani kwenye mifereji, uzibe upepo lakini uache moshi mahali pa kutokea, na usimwachie mtu jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa hata kama meno yake yanagongana. Usije mwezi wa saba na gari na machozi. Mwezi wa saba hakuna mtu anayeweza kukusaidia, hata mwenye pesa.

Na wewe ambaye si mkubwa wa nyumba, wewe uliyeolewa, wewe wa mwisho, wewe unayechekwa kwa ulikotoka, ukiona kosa linafanyika usiseme mara moja tu ukanyamaza kama mimi. Sema mpaka wakuchukie. Kuchukiwa kunapita.

Haya, sogea. Nakutemea mate kifuani kama wazee wetu walivyobariki watoto, usijipanguse. Mungu akupe mikono ya kufanya kazi wakati wake. Akupe kinywa kisichoogopa ndugu mkubwa. Paa lako lisivuje, kuni zako zisilowe, na mama yako, popote alipo baridi hii, awe anaota moto wake mwenyewe.